Kijivu cha Paris ndicho kilichonifundisha kuchanganya rangi

Kama unaanza rangi za mafuta na unatafuta picha ya kunakili, achana kwanza na maua na machweo. Chukua asubuhi ya baridi mjini. Mimi nilichukua ya mchoraji wa Ufaransa Camille Pissarro, ile ya barabara ya Boulevard Montmartre mjini Paris, ya mwaka 1897, na miezi miwili niliyokaa nayo ilinipa zaidi ya mwaka mzima wa kubahatisha.

Pissarro alikuwa na miaka 66 na macho yakimsumbua, kufanya kazi nje kukawa shida. Februari ile akapanga chumba Grand Hôtel de Russie, akawa anachora barabara akiwa dirishani. Barabara hiyo moja aliichora mara 14. Ya asubuhi ya baridi iko Metropolitan Museum of Art, New York, na tovuti yao inakuruhusu kuipakua bure ikiwa kubwa. Ichapishe kwenye karatasi nzuri. Turubai ya kuchorea ya sentimita 40 kwa 50 inafaa, maana uwiano wake unakaribia kabisa ule wa picha yenyewe.

Anza na mistari ya majengo. Pissarro mwenyewe aliandika kwamba nyumba zile kubwa lazima zisimame wima, na ni kweli: zikilala kidogo tu, barabara yote inayumba.

Kazi kubwa iko kwenye kijivu. Hakuna theluji barabarani. Kuna ukungu, miti isiyo na majani, na anga lililopauka. Mara ya kwanza nilichanganya nyeusi na nyeupe, nikapata rangi ya saruji, picha ikafa palepale. Nikaikwangua yote kwa kisu. Safari ya pili nikachanganya bluu ya ultramarini na kahawia ya siena ya kuchoma, halafu nyeupe kidogokidogo. Bluu ikizidi, jengo linarudi nyuma kwenye ukungu. Kahawia ikizidi, linasogea karibu. Nilipoliona hilo likitokea mbele ya macho yangu, nilisimama nikaacha brashi kwa muda. Kabla hujagusa turubai, paka tone la rangi kwenye ncha ya kadi, ulishike juu ya picha uliyochapisha, ufinye macho. Tone likipotea, umepata. Likionekana, rudi kuchanganya.

Watu nao usiwaogope. Ukimkaribia mtu mmoja pale chini, hana uso wala mikono: ni mguso mmoja mzito wa bluu nyeusi kwa koti, na kidoa kidogo juu yake kwa kichwa. Rudi nyuma hatua tatu, anatembea. Mguse mara moja umwache. Ukimrudia mara tatu anageuka tope.

Tabaka za mwanzo ziwe nyembamba, zenye tapentaini, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi. Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, yaongezeke kadiri unavyopanda juu, la sivyo rangi itapasuka ikikauka. Fungua madirisha. Matambara yenye linsidi yatandaze nje yakauke, usiyarundike kwenye kona, kwa sababu yanaweza kuwaka yenyewe.

Ukimaliza, igeuze turubai na uandike nyuma: nakala kutoka kwa Pissarro, jina lako, mwaka. Mbele usiweke sahihi yake.