Kampuni yangu inauza kwetu dawa iliyopigwa marufuku kwao: je, mshahara wangu ni halali?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni afisa mauzo wa kampuni ya kigeni ya pembejeo, nauza viuatilifu kwa mawakala na wakulima. Mwaka huu nimegundua kwamba dawa moja ya magugu, ambayo ndiyo inayonipatia kamisheni kubwa, imepigwa marufuku zamani katika nchi yenye makao makuu ya kampuni, lakini bado inatengenezwa kule na kuletwa kwetu. Meneja wangu anasema hapa imesajiliwa, basi yamekwisha. Shekhe mmoja ameniambia nilale usingizi: mwajiriwa hana dhambi, atakayeulizwa ni mwenye mali, na mkulima hununua kwa hiari yake. Nina watoto watatu na mama mgonjwa ananitegemea. Je, mshahara wangu ni halali? Niache kazi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa. Hukumu yake haikunichelewesha sana. Kilichoniondolea raha ni jibu ulilopewa, kwa kuwa nalisikia mara nyingi, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu.

Kuuza viuatilifu kwa asili yake ni mubaha, yaani kunaruhusiwa, na kufanya kazi kwa mgeni au asiye Muislamu hakuna ubaya, Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake, vazi lake la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi kwa sababu ya shayiri. Hayo tuyaache. Tatizo ni hiyo dawa moja na jinsi inavyouzwa.

Wengi wetu tumehifadhi Suratul Mutaffifin tukiwa chuoni, tukidhani inamhusu muuza nafaka mwenye kibaba kilichobonyea. Isome tena: ole wao wapunjao, ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mtu huyu kipimo kamili anakijua vizuri kabisa. Anakidai kwa nafsi yake, kisha akikufikia wewe anatoa kingine. Sasa chukua parakwati, dawa ya magugu inayojulikana mno. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Haina kiuasumu, yaani hakuna dawa ya kuizima ikishaingia mwilini, aliyeimeza huweza kukaa siku kadhaa na akili zake timamu huku mapafu yakifunga taratibu. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo iliendelea kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, na kupakiwa melini kwenda kwa wakulima wa nchi nyingine. Shamba la kule halifai kunyunyiziwa, shamba la huku linafaa. Kama hivyo si vibaba viwili, basi sijui kibaba ni kitu gani.

Na hili si la jana. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha California waliokuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo wa udongoni, walipimwa wakakutwa wengi wao hawana tena mbegu za uzazi. Kampuni ya Dow ya Marekani, iliyokuwa nayo ikiitengeneza, ikasimamisha mauzo, lakini mteja wake mkubwa wa mashamba ya ndizi akashikilia mkataba, akaendelea kupelekewa. Marekani iliifungia karibu kwa matumizi yote mwaka 1979. Huko Amerika ya Kati vibarua waliendelea kuinyunyiza, na maelfu yao baadaye walikwenda mahakamani kwa kukosa uzazi. Mwenyezi Mungu anamtaja katika Suratul Baqara mtu ambaye akigeuka huenda mbio katika ardhi, akaangamiza mimea na kizazi. Nilikuwa nikiisoma aya hiyo na kuwafikiria wafalme wenye majeshi.

Tuje kwa maneno ya shekhe wako. Kwanza, eti mwajiriwa hana dhambi. Haya aliyatoa wapi? Katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema: wao ni sawa. Karani yule alipata nini katika riba ile? Ujira wa wino. Na Qur'ani ilipomtaja Firauni katika Suratul Qasas haikuishia kwake na waziri wake Hamana; imesema wao na majeshi yao walikuwa wakosa. Askari nao walikuwa na watoto nyumbani.

Fahamu pia kwamba kampuni hizi zimejengwa hivyo makusudi, ili dhambi isipate mwenyewe. Kiwanda kiko nchi hii, usajili nchi ile, mwagizaji ana jina lake, wakala ana lake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 gesi ilivuja katika kiwanda cha viuatilifu cha Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Kampuni mama iliyokuwa Marekani ikajitetea kwamba kiwanda ni cha kampuni tanzu, na kesi iliyopelekwa New York ikarudishwa India mwaka 1986. Mwaka 1989 zikalipwa dola milioni 470, na walioumia ni mamia ya maelfu. Kwa sheria za dunia njia hiyo ipo. Kwa Mola, Suratu Maryam inasema kila mmoja atamjia siku ya Kiyama peke yake, na hapo hakuna kampuni tanzu.

Pili, hoja ya meneja, kwamba imesajiliwa. Usajili unakuondolea kesi ya mahakamani, haukuondolei haki ya mja. Upo Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998 unaotaka nchi ijulishwe kabla ya kupokea kemikali zilizofungiwa kwingine, na ni jambo jema, lakini taarifa hiyo huishia kwenye faili la ofisi. Haifiki kwa mwenye jembe. Na wala usiseme kwamba hakuna anayeweza kuzuia. Ufaransa mwaka 2018 ilitunga sheria ya kukataza kutengeneza na kusafirisha nje viuatilifu vilivyofungiwa Ulaya, kuanzia 2022. Wafanyabiashara wakapinga kwamba uhuru wao wa biashara unaguswa, na Baraza la Katiba likawakatalia Januari 2020. Hoja yao ni kongwe. Watu wa Nabii Shuaybu, alipowakataza kupunja, walimuuliza: je, sala zako zinakuamrisha tuache kufanya tupendavyo katika mali zetu?

Tatu ni hiari ya mkulima, na hapa ndipo shekhe wako amenihuzunisha zaidi. Mtu ameridhia nini asichokijua? Katika Musnad ya Imam Ahmad kuna kisa cha mtu aliyenunua ngamia jike. Alipoondoka naye, sahaba Wathila bin Al-Asqa' akamfuata huku akiburuza shuka yake, akamuuliza: amekueleza kasoro yake? Unamtaka wa nyama au wa safari? Akasema nataka kuhiji naye. Wathila akamwambia kwato yake ina tundu. Muuzaji akalalamika kwamba anaharibiwa biashara, na Wathila akasema amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema si halali mtu kuuza kitu mpaka abainishe kilichomo, wala si halali kwa anayelijua hilo kunyamaza. Sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, wanavyuoni wameitilia maneno, lakini maana yake inasimama kwa hadithi ya Uqba bin Amir kwa Ibn Majah. Tazama kipande cha mwisho: anayejua. Ngamia hakuwa wa Wathila, wala hakuwa na kamisheni.

Wewe sasa ni mtu anayejua.

Na lugha yetu nayo imetuponza. Sumu hii tunaiita dawa. Mzee anasikia dawa, anaelewa kitu cha kuponya. Nimemwona kwa macho yangu mtu akifungua kizibo kwa meno, akakoroga kwa mkono mtupu, akajitwika bomba mgongoni linavuja mpaka kiunoni. Lebo ilikuwa na maandishi madogo kama sisimizi, kwa lugha asiyoisoma. Dumu lilipoisha, mkewe alilisuuza mara mbili akaweka maji ya kunywa. Huyo ndiye mwenye hiari anayezungumzwa.

Sasa mambo yako, ndugu yangu. Mshahara wako kwa kazi nyingine za kampuni, mbegu, mbolea, viuatilifu vinavyouzwa kwa uwazi, ni halali. Usimnyime mama yako matibabu kwa wasiwasi. Kamisheni uliyokula kabla hujajua ni yako. Mwenyezi Mungu amesema hata katika riba kwamba aliyefikiwa na mawaidha akakoma, yaliyopita ni yake. Ila kuinadi dawa hiyo baada ya kujua, huku unaficha, ni haramu, na kamisheni yake usiile. Itoe, kwanza kwa mtu unayejua amedhurika.

Usiache kazi leo. Ukitoka bila mpango watoto watalala njaa, na nafasi yako ataishika kijana asiyeuliza maswali. Mcheni Mwenyezi Mungu muwezavyo. Omba uhamishiwe kitengo cha mbegu. Mwandikie meneja kwa adabu, kwa maandishi, ukieleza ulichokisoma, na ubaki na nakala. Huenda naye anaogopa kama wewe, usimfanye adui. Iandikie pia mamlaka inayosajili viuatilifu. Usikimbilie kumwaga mambo ya ofisi mitandaoni kabla hujashauriana na mwanasheria, maana hawa wana mawakili wengi na wewe una mshahara mmoja. Wakati huohuo tafuta kazi kwingine kwa bidii ya mtu anayetafuta, usiifanye dharura kuwa makazi. Wakikulazimisha uinadi na kuficha, hapo toka, hata kama kazi nyingine haijapatikana, na sisi jirani zako tutakuwa na wajibu juu yako.

Kisha kuna jambo hukuniuliza. Wakulima uliowauzia bado wanayo stoo, na baadhi yao wanakuamini wewe kuliko wanavyoiamini kampuni. Warudie. Waeleze kwa lugha yao: hii ni sumu, haina kiuasumu, isiwekwe kwenye chupa ya soda, isikae ndani mwenye watoto, dumu lake litobolewe. Anza na yule uliyemuuzia mwisho, kabla hajaanza kunyunyiza, na meneja akikujibu niandikie tena.

Wallahu aalam.