Mpiga Besi, Jina Lako Liko Wapi Kwenye Wimbo?

Juzi kijana mmoja wa Arusha aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Anapiga besi, gitaa la sauti nzito, katika bendi ya roki aliyoianzisha na marafiki zake wa shule. Anasema amekesha miaka na rekodi za mabingwa wa besi John Entwistle, Jaco Pastorius na Billy Sheehan mpaka anazipiga bila kukosea, na kila baada ya shoo wapiga besi wenzake humzunguka wakitaka kuona vidole vyake. Halafu akanitajia mwenzake wa bendi nyingine ambaye, kwa maneno yake, "anajua noti tatu tu". Huyo wa noti tatu ndiye anayeitwa kwenye matamasha, ndiye anayelipwa, ndiye ambaye picha zake zinasambaa. Akamaliza kwa kuniuliza: "Kaka, sasa ufundi wote huu una faida gani?"

Nilimjibu mistari miwili, nikamwahidi kwamba nitaandika. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto ileile: mlipe kodi ya nyumba kwa gitaa, na wanaojua muziki wawaheshimu. Mimi nimeyapata yote mawili, kwa nyakati tofauti, na nimeyakosa pia.

Tumelelewa na msemo kwamba chanda chema huvikwa pete. Wapiga besi tunauamini kuliko watu wengine wote, maana kazi yetu yote iko vidoleni. Lakini fuatilia pesa za roki zinakokwenda. Utaona zinavipita vidole na kwenda moja kwa moja kwenye karatasi yenye jina la mtunzi.

Mchukue Sheehan huyohuyo ambaye kijana wetu anakesha na rekodi zake. Mwaka 1988, huko Los Angeles, yeye na mpiga gitaa Paul Gilbert, mpiga dramu Pat Torpey na mwimbaji Eric Martin waliunda bendi ya Mr. Big. Wakati huo Sheehan alikuwa ameshapiga na David Lee Roth, aliyewahi kuwa mwimbaji wa Van Halen, na wapiga besi wengi walimtazama kama mwalimu. Albamu yao ya pili, ya mwaka 1991, inafunguka kwa wimbo ambao Gilbert na Sheehan wanachapa nyuzi kwa drili za umeme. Mara ya kwanza kuusikia niliurudia mpaka jirani akagonga ukuta. Na albamu hiyohiyo inafungwa na nini? Na "To Be with You": magitaa ya akustiki, makofi na sauti za kuitikiana, wimbo ambao mwanafunzi wa gitaa anaweza kuushika katika wiki moja. Huo ndio uliofika namba moja Marekani mwaka 1992, na watunzi wake walioandikwa ni Eric Martin na David Grahame. Ufundi wote wa Sheehan ulikuwepo pale studio, tena amekaa kwa adabu chini ya sauti ya mwimbaji. Hakuna aliyempiku kwa vidole. Karatasi haikuuliza habari za vidole.

Entwistle naye. Mwaka 1965, kwenye "My Generation" ya bendi yake, The Who, alipiga solo za besi wakati ambapo katika roki besi ilikuwa haisikiki vizuri hata redioni. Alikuwa amesoma muziki, akipiga piano na tarumbeta, na hadi leo sijamsikia mtu mwenye sauti nzito na safi kama yake. Lakini nyimbo nyingi za The Who alizitunga mpiga gitaa Pete Townshend. Za Entwistle, kama "Boris the Spider" na "My Wife", ni chache. Alifariki Las Vegas mwezi Juni mwaka 2002, ziara ya bendi ikiwa inataka kuanza, na mwaka uliofuata magitaa yake yakapigwa mnada kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's, London. Huwa siwezi kuangalia picha za mnada ule kwa muda mrefu.

Anayeniuma kuliko wote ni Herbie Flowers, mpiga besi wa studio wa Uingereza, labda kwa sababu yaliyompata ndiyo yaliyonipata. Mwaka 1972 Flowers aliitwa studio London kupiga kwenye albamu ya mwimbaji Lou Reed iliyosimamiwa na wanamuziki David Bowie na Mick Ronson. Wimbo ulikuwa na kodi mbili tu za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, pale mwanzoni. Flowers akapiga besi ya kusimama, kisha juu yake akarekodi besi ya umeme, zikawa besi mbili zinazoteleza pamoja. Huo ndio mwanzo wa "Walk on the Wild Side". Ukiwapigia watu sekunde tano za kwanza, kabla Reed hajafungua mdomo, wanaujua wimbo. Flowers alilipwa ujira wa kikao cha kurekodi, na nyongeza kwa kuwa alipiga ala mbili. Wimbo ukabaki wa Reed. Mwaka 1990, kundi la hip-hop la A Tribe Called Quest walipoikata besi ile kutoka kwenye rekodi na kuijengea wimbo wao, mapato yalikwenda kwa Reed.

Sasa tazama upande wa pili wa maisha ya mtu huyohuyo. Muda mfupi kabla ya kikao kile cha Reed, Flowers alikuwa ametunga pamoja na Kenny Pickett wimbo mwepesi uitwao "Grandad", ulioimbwa na mwigizaji Clive Dunn. Ulifika namba moja Uingereza Januari 1971. Hakuna mpiga besi duniani anayejifungia chumbani kuusoma huo. Lakini kwenye huo jina lake lipo.

Hapa lazima nieleze jinsi biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu vijana wengi hawaambiwi. Kwa desturi ya Uingereza na Marekani, ambayo na sisi tumeirithi, wimbo ni maneno na melodi, yaani ule mfuatano wa noti unaoimbika. Besi, dramu na gitaa la ridhimu huhesabiwa kuwa mpangilio. Unaweza kubuni kitu ambacho watu wote watakikumbuka na bado usiwe mtunzi, labda wenyewe mkubaliane vingine. Kuna haki za mtunzi, na kuna haki za aliyepiga kwenye rekodi. Ni mifuko miwili tofauti, na kwa kawaida wa mtunzi ndio unaodumu na kukua, kwa sababu kila atakayeuimba wimbo upya, popote, analipa kwenye mfuko huo.

Nami niliitwa. Nilizaliwa Mombasa, nikajifunzia besi kwenye bendi za hoteli za pwani, zile za kupiga kila kitu kuanzia taarabu mpaka roki ya wazungu wa likizo. Baadaye nikahamia Nairobi, kwenye wapenzi wa roki. Siku moja prodyuza aliniita studio. Walikuwa na ubeti na kodi nne za gitaa, basi. Walikuwa wamekwama tangu asubuhi. Nikakaa na dramu nikitafuta, nikapata mpigo mmoja unaopanda, unasimama, halafu unadondoka. Studio nzima ilinyamaza. Mwimbaji akaanza kuuimbia palepale, na kiitikio chake kikatoka kwenye melodi ya besi yangu. Si kwa kufanana, ni ileile. Nikalipwa taslimu, nikapanda matatu, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ya kweli.

Wimbo ule ulipaa. Ulipigwa redioni, ukapigwa kwenye harusi, kisha ukachukuliwa kwa tangazo la biashara, na katika tangazo lile sauti ya mwimbaji haipo kabisa. Imebaki besi na dramu. Nilikuwa nakula chakula cha jioni kwa shangazi yangu lilipotokea kwenye televisheni, na watoto wa nyumba ile wakaanza kuniimbia besi yangu bila kujua ni yangu. Nilipouliza, nilijibiwa neno moja: ulilipwa. Watunzi walioandikwa walikuwa watatu. Mmoja wao siku ile alikuja studio kuleta chakula.

Nalisema hili bila woga kwa sababu bado linaniuma, na kwa sababu najua thamani ya nilichokifanya. Mpaka leo bendi zinapoupiga ule wimbo, umati unapiga kelele besi inapoingia, kabla ya neno lolote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ufundi una faida. Ufundi ndio ulionifanya niitwe. Sheehan, Flowers, Entwistle, wote waliitwa kwa sababu ya ufundi. Ila kuitwa ni jambo moja na kumiliki ni jingine, na ukiendelea kuboresha lile la kwanza peke yake utazeeka ukiwa fundi anayependwa na mafundi.

Ukitaka mfano wa kuufuata, usiende mbali na nyumbani. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na huku pwani kila mtu anamtaja yeye. Mimi nawaomba mumtazame mpiga besi aliyesimama nyuma yake: John Deacon. Mtu mkimya, aliyesomea elektroniki, aliyejiunga na Queen mwaka 1971 akiwa wa mwisho kuingia. Hakuwa mwimbaji. Hakuwa mpiga besi wa mbwembwe. Lakini alikuwa anatunga. "You're My Best Friend" ni yake. "I Want to Break Free" ni yake. Na mwaka 1980 akaleta "Another One Bites the Dust", besi ya noti chache ambayo mwanafunzi huipiga wiki ya kwanza, ikafika namba moja Marekani. Michael Jackson ndiye aliyewahimiza waitoe kama singo. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba kilicho kigumu pale ni mahali pa kunyamaza. Baada ya kifo cha Mercury, Deacon alipiga mara chache, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 akaacha muziki, akarudi kwa familia yake. Utunzi unamruhusu mtu kufanya hivyo. Vidole vikiacha kupiga haviingizi kitu.

Na Paul McCartney wa The Beatles je? Aliishika besi mwaka 1961 kwa sababu mpiga besi wao Stuart Sutcliffe alikuwa anaondoka na hakuna mwingine katika bendi aliyeitaka. Akawa mpiga besi mkubwa kweli, lakini utajiri wake umekuja kwa kalamu. Sting, mpiga besi na mwimbaji wa The Police, vivyo hivyo.

Kuhusu yule mwenzako wa noti tatu, usimwonee wivu na usimdharau. Kwanza, sura na pesa si kitu kimoja. Mwaka 1977 mpiga besi Glen Matlock aliachana na bendi ya panki ya Sex Pistols, wakamwingiza Sid Vicious, ambaye kupiga kwenyewe alikuwa hajui. Kwenye albamu yao sehemu kubwa ya besi ilipigwa na mpiga gitaa Steve Jones. Sid ndiye aliyebaki kwenye fulana za dunia nzima. Alikufa Februari 1979 akiwa na miaka 21. Matlock, aliyeondoka, ndiye aliyeandikwa miongoni mwa watunzi wa nyimbo zao nyingi kubwa. Pili, huenda mwenzako anajua jambo ambalo wewe hulijui: anafika mapema, anaiachia sauti ya mwimbaji nafasi, na watu wanafurahi kuwa naye kwenye gari saa nane za njia. Mimi nikiongoza bendi, namwajiri huyo.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji uwe mtunzi hodari, nayo ni makubaliano ya bendi. U2 walianza Dublin mwaka 1976, na Adam Clayton hakuwa fundi. Alijifunza mbele za watu. Lakini muziki wao huandikwa kwa jina la bendi nzima, na wanne hao hugawana sawa. Queen wenyewe walifika huko mwaka 1989, wakaanza kuandika nyimbo kwa jina la wote wanne. Bendi ninayopiga sasa tulikaa mezani kabla ya kurekodi hata wimbo mmoja, tukaandika kwamba kila wimbo tuliouumba pamoja chumbani ni wa wote. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye kijana wa Arusha angekesha na rekodi zake. Mwaka huu nyimbo zetu zimenilipia kodi ya nyumba, jambo ambalo wimbo ule maarufu haukuwahi kunifanyia. Nalisema kwa fahari na sitaomba radhi.

Basi nakuombeni ndugu zangu, ongeeni mapema. Ongeeni kabla gitaa halijachomekwa, maana wimbo ukishapendwa kila mtu hupata kumbukumbu yake. Uliza: mimi hapa ni wa kulipwa siku, au ni mtunzi mwenza? Majibu yote mawili ni halali. Ukiwa wa kulipwa siku, taja bei ya mtu anayeleta kitu, wala usione haya. Ukiwa mtunzi, andikeni majina, asilimia na tarehe, kila mmoja atie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Kisha uisajili kazi yako kwa wanaosimamia hakimiliki nchini kwako, upande wa utunzi na upande wa upigaji. Tunga, hata kama unaona unatunga vibaya. Imba unapotafuta besi, kwa sababu kinachoimbika ndicho kinachoweza kuitwa melodi, na melodi ndiyo inayomilikiwa.

Na jifunzeni kusoma hesabu. Duff McKagan alipiga besi Guns N' Roses wakiwa bendi kubwa kuliko karibu zote duniani, na amesema wazi kwamba alikuwa akiletewa taarifa za fedha zake asiweze kuzielewa. Alipopona maradhi ya kongosho yaliyokaribia kumuua mwaka 1994, alirudi darasani na vijana wadogo kwake, akasomea biashara Chuo Kikuu cha Seattle. Alifanya hivyo akiwa tayari tajiri na maarufu. Sisi ambao bado tunagombea nauli ya kurudi nyumbani tuna sababu kubwa zaidi: waombeni mapromota karatasi ya mapato ya mlangoni kila baada ya shoo, mkae chini bendi nzima, muisome pamoja usiku uleule kabla ya kupakia vyombo.