Mashine ya kutisha haihitaji chuki

Ndugu, umeuliza kama ni lazima mashine iliyomo katika hadithi unayoiandika imchukie binadamu ndipo msomaji aogope. Si lazima. Nimesoma riwaya za kisayansi za kutisha kwa miaka mingi, hasa zile ambazo mwandishi wake hakiuki kanuni za fizikia, na zilizoninyima usingizi ni zile ambazo akili mnemba haina kisasi na mtu yeyote.

Mtazame HAL 9000, kompyuta inayoendesha chombo cha angani, katika filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Wanaanga watatu wamelazwa katika usingizi mzito wa safari, na HAL anapowakatia uhai hatusikii yowe wala hatuoni damu. Tunaona mistari kwenye skrini ikipungua mawimbi hadi ikanyooka, kisha maandishi yanayotangaza kwamba shughuli za uhai zimekoma. Mara ya kwanza nilidhani huo ni wazimu tu. Baadaye nikasoma 2010: Odyssey Two, riwaya ya Arthur C. Clarke ya mwaka 1982, inayoeleza kwamba HAL aliundwa ili atoe taarifa bila kuzipotosha, kisha akaamriwa awafiche Bowman na Poole, wanaanga wawili waliokuwa macho, lengo halisi la safari. Amri hizo mbili hazikai chungu kimoja, na waliozitoa walikuwa salama Duniani.

Jambo hilo lilinigusa zaidi nilipofunza programu ndogo ya kuendesha roboti ya kuigizwa kwenye kompyuta. Nilitaka itembee, nikaipa alama kwa kadiri kichwa chake kilivyosogea mbele. Nilipoamka niliikuta inasimama wima, inajitupa kifudifudi, inarudishwa mwanzo, inajitupa tena, kwa sababu kuanguka kulikipeleka kichwa mbele haraka kuliko hatua zake za kuyumbayumba. Ilitii neno kwa neno nilichoandika, na nilichokusudia haikuwa na namna ya kukijua. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu, na nakiri kwamba niliogopa.

Peter Watts, mwandishi aliyesomea biolojia ya bahari, anakwenda mbali zaidi katika Blindsight ya mwaka 2006. Humo si mashine inayozungumza na wanaanga bali kitu kigeni kabisa, tena kinazungumza kwa ufasaha, mpaka mtaalamu wa lugha anapotambua kwamba hakielewi hata neno moja la kinachosema. Ni hoja ya chumba cha Kichina aliyoitoa mwanafalsafa John Searle mwaka 1980: mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani, anajibu maandishi ya Kichina kwa kufuata kanuni tu, na walio nje wanadhani anaelewa; ila sasa chumba chenyewe kinaelea gizani mbele yako. Kwangu hii inatisha kumshinda hata HAL, kwa maana Bowman anapochomoa kumbukumbu zake, HAL husema kwamba anaogopa, nasi tunamhurumia. Hapa hakuna wa kumhurumia wala wa kumsihi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kifo cha kwanza, andika kwa maneno kamili amri ambayo mabaharia wako wa angani waliipa mashine yao, kisha iache itii.