Ndege inakwenda kwa mawimbi: anza na matundu, rimoti baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ndege ya rimoti ya kujifunzia, ya foamu, mabawa mita 1.2, nimeiunga mwenyewe. Nikigusa kidogo tu kijiti cha eleveta (kile kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) inanyanyua pua, nikirudisha inachimba chini. Inakwenda kwa mawimbi mpaka natua nikitetemeka. Nimepunguza mwendo wa eleveta kwenye rimoti hadi asilimia 40, lakini bado, na sasa trimu (yale marekebisho madogo ya kuinyoosha ndege kwenye rimoti) ya jana si ya leo. Picha nimeambatanisha. Halafu Desemba nakuja Arusha kwa mjomba. Nikirushia huko nibadilishe vipimo?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asante kwa picha, maana imenionyesha nilichokuwa natafuta. Waya wako wa eleveta, ile spoku ya baiskeli, umeuingiza tundu la nje kabisa la mkono wa sevo, ile mota ndogo inayousukuma, na kule mkiani umeuingiza tundu la ndani la kipembe, kile kijipembe kilichofungwa kwenye eleveta, lililo jirani na bawaba. Hapo ndipo penye ugonjwa, na rimoti haiutibu.

Chukua rula. Tuseme tundu la sevo liko milimita 16 kutoka skrubu ya katikati, na la kipembe milimita 8 kutoka bawaba. Kibao cha eleveta kitageuka karibu mara mbili ya sevo inavyogeuka. Sasa hamisha: sevo tundu la milimita 8, kipembe tundu la milimita 16. Kibao kitageuka kama nusu ya sevo, yaani robo ya ulivyokuwa nayo, na sevo hiyo hiyo itakisukuma kwa nguvu zaidi.

Ile asilimia 40 ndiyo iliyokuharibia trimu. Umeinyima sevo zaidi ya nusu ya safari yake, lakini ulegevu wa matundu umebaki vilevile. Fanya jaribio hili: washa rimoti, kisha ndege, ushike mkono wa sevo usisogee, halafu utikise eleveta kwa kidole. Ikicheza milimita 2 wakati mwendo wake wote ni 10, sehemu moja ya tano ya ndege hiyo huiongozi wewe. Nilikuwa na ndege iliyonisumbua msimu mzima hapa Njiro kwa jambo hilo. Tundu la kipembe lilikuwa limelika na kuwa la mviringo mrefu kama punje ya mchele. Nilibadili kipembe, nikatoboa tundu la kuukaza waya sawasawa, na siku hiyo hiyo ndege ikatulia. Kwa hiyo usione uvivu kukata kipembe kipya.

Ukishahamisha waya, rudisha rimoti asilimia 100 na trimu sifuri. Mkono wa sevo usimame mraba na waya wakati kijiti kiko katikati. Eleveta ikiwa imeinama, usiinyooshe kwa trimu. Kunja V ndogo katikati ya spoku: ukiibana kwa koleo waya unafupika, ukiipanua unarefuka. Kisha pima kwenye ukingo wa nyuma wa kibao, pale palipo papana. Kwa ndege yako anza na milimita 10 juu na 10 chini. Ndipo uongeze ekspo asilimia 30 ya kulainisha katikati ya kijiti. Angalia alama: kwenye rimoti za Futaba kulainisha ni hasi, kwenye za Spektrum ni chanya. Ukikosea, katikati panakuwa pakali kuliko mwanzo.

Kabla ya yote hayo, pima mlingano wa uzito. Betri ikiwa ndani, inua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Bawa la sentimita 20, hapo ni sentimita 5 hadi 6.5. Mkia ukizama, sogeza betri mbele. Ndege yenye mkia mzito hurukaruka hata ukiipa eleveta milimita 5, na hakuna tundu litakaloiponya.

Kuhusu Arusha: hapa tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko pwani. Moshi mko chini yetu kwa mita mia kadhaa. Ndege yako itahitaji kukimbia kasi zaidi kidogo kabla ya kuondoka, na propela itavuta kwa unyonge, basi tafuta uwanja mrefu. Milimita zako usiziguse. Kaa mbali na uwanja wa ndege wa Kisongo, na uliza kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kibali.

Jambo moja la kutua: kasi ikipungua, eleveta inapoteza nguvu. Weka swichi ya mwendo mkubwa, milimita 14, uibonyeze ukiwa bado juu, si ukiwa umefika kwenye majani. Ukimaliza, niandikie eleveta imecheza milimita ngapi ulipoitikisa kwa kidole.