Kukosoa Dini Ni Kuwachukia Waumini?

SWALI: Niliandika kwamba kushurutisha zaka kunawaumiza maskini. Nikaambiwa nawachukia Walokole. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Umekosoa fundisho, na fundisho lolote lina haki ya kuhojiwa. Sheria ya chuki za kidini ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inalinda katika kifungu cha 29J ukosoaji wa dini, hata dhihaka. Inachokataza ni vitisho vyenye nia ya kuchochea chuki dhidi ya watu kwa sababu ya dini yao.

Kabla ya kutuma, tazama sentensi yako inamgusa nani. “Zaka hii inamfilisi mjane” ni hoja. “Walokole wote ni matapeli, msiwapangishe” ni chuki tupu: inamfungia mlango mpangaji ambaye hajamdhulumu mtu. Wengi huharibu kwa hilo neno “wote”.

Ila Tanzania uwe makini. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu maneno yaliyotamkwa kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini, hadi mwaka mmoja jela. Kwa maoni yetu kifungu hicho ni kipana mno, lakini kipo. Kinapima kusudi, kwa hiyo andika hoja na ushahidi wako, matusi yaache.