Mtoto aliyeshika koili, na maswali mengine

Shikamoo shangazi. Picha ya mtoto mchanga aliyeshika koili, kile kidude cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, imezunguka kwenye simu zetu hapa Kisauni. Mavyaa yangu anasema ndiyo ushahidi kuwa koili haizuii chochote. Nimewekwa mwaka jana, sasa nina wasiwasi.

Marahaba mwanangu. Picha ni ya kweli, ila kisa kimetiwa chumvi. Mtoto huyo alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 2017. Koili ilipatikana nyuma ya kondo wakati wa kujifungua, ndipo akatiliwa mkononi akapigwa picha. Tumboni asingeweza kuishika: mtoto huwa ndani ya mfuko wa maji, koili iko nje yake.

Lakini mavyaa yako hakukosa lote. Koili hushindwa, mara chache. Katika wanawake 1,000 wenye koili ya shaba, kama 6 hadi 8 hushika mimba mwaka wa kwanza. Kwa vidonge, jinsi tunavyovisahau, hufika kama 70. Hesabu hiyo mpelekee mavyaa, kwa adabu lakini.

Siku zako zikipita, pima upesi. Ikiwa mimba ipo na nyuzi za koili zinaonekana, hutolewa mapema, kwa sababu kuiacha huzidisha hatari ya mimba kuharibika, uambukizo na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Na ukiumwa vikali upande mmoja wa tumbo, au ukahisi kuzirai, usingoje asubuhi. Mimba inayoingia juu ya koili ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo huua.

Jirani kanambia vijiti vya kuzuia mimba vya mkononi hutembea hadi moyoni. Nivitoe? (Likoni)

Jirani huyo ana kazi nyingine? Vijiti hukaa palepale chini ya ngozi, na kuhama mbali ni nadra mno. Vipapase kwa kidole; usipovihisi, rudi kliniki. Mimi ningekuuliza jingine: unatumia dawa gani? Rifampicin ya kifua kikuu, efavirenz ya Ukimwi, na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vijiti. Hilo ndilo la kumwambia muuguzi, tena kabla hajakuuliza.

Mume wangu alalamika koili yamchoma. (Changamwe)

Anagusa nyuzi, si koili yenyewe. Hulainika baada ya muda, na zikikataa, muuguzi huzipunguza kwa dakika chache.

Mie na mke wangu twatumia kondomu na mafuta ya nazi. Imepasuka mara mbili mwezi huu! (Bamburi)

Mafuta ya nazi yaache jikoni na kwenye nywele, baba. Mafuta yoyote, hata ya kujipaka, hudhoofisha mpira wa kondomu kwa dakika chache tu. Nunua jeli ya maji kwenye duka la dawa. Usivae mbili kwa pamoja, wala usizihifadhi ndani ya tuktuk inayoanikwa jua la Mombasa kutwa. Na ikipasuka tena, mkeo anaweza kumeza tembe za dharura, na mapema ni bora, ndani ya saa 72 ikiwezekana. Koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 huzuia zaidi ya tembe hizo.

Nilidungwa sindano ya kuzuia mimba miaka miwili. Nimeacha, na tangu sindano ya mwisho ni miezi saba bila mimba. Watu wa mtaani wasema kizazi kimeungua. (Majengo)

Hakuna kizazi kilichoungua. Sindano ya miezi mitatu huchelewa kutoka mwilini, na wengi hushika mimba kama miezi 10 tangu ile ya mwisho, wengine zaidi. Koili na vijiti havina ngoja hiyo: vikitolewa leo, mimba yaweza kuingia mwezi huohuo. Mwaka ukipita mkijaribu bila mafanikio, nendeni mkapimwe. Nimesema nendeni: kipimo cha mumeo ndicho chepesi kuliko vyote, kikombe kimoja tu.