Barua kwa mwanangu: kwa nini Armstrong alimaliza ndani ya dakika tatu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema umewasikiliza wanamuziki wa jazi wa Marekani, Louis Armstrong, Billie Holiday na Charlie Parker, kila wimbo unakatika kwenye dakika tatu na ushee. Ukaja kuweka Miles Davis na John Coltrane, wimbo mmoja dakika tisa. Ukauliza kama wale wa mwanzo walikuwa wanaishiwa pumzi. Na chini kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba gitaa lako linakataa kwenda sawa na "So What" ya Miles hata ukaze nyuzi namna gani. Hilo nitalirudia, maana kosa si la gitaa.

Pumzi walikuwa nazo tele. Ukumbini wimbo mmoja uliendelea mpaka wachezaji wachoke. Kilichokuwa kinaisha ni santuri.

Santuri ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na upana wa inchi 10, nayo ilizunguka mara 78 kwa dakika. Kwa dakika tatu ni mizunguko 234. Sindano ilikuwa ya chuma na nene, kwa hiyo mfereji wake nao ulikuwa mpana: ndani ya inchi moja iliingia mistari kama 100 tu. Piga hesabu. Mizunguko 234 inakula inchi mbili na theluthi, ukitoa na ile karatasi ya katikati yenye jina la wimbo, nafasi imekwisha. Ukiibana mistari isogeleane zaidi, besi nzito inautikisa mfereji mpaka unamvamia jirani yake, na sindano inaruka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alikutana na ukuta huo huo.

Kabla ya 1925 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu studio hazikutumia maikrofoni. Bendi nzima ilipigia kwenye pembe kubwa, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ya kuchonga nta. Ngoma kubwa ikipigwa sawasawa, sindano inarushwa. Kwa hiyo ukisikia mpiga ngoma Baby Dodds anagonga vibao vya mbao kwenye rekodi za bendi ya King Oliver za 1923, usidhani ndivyo alivyopiga ukumbini.

Sasa chukua saa, weka "West End Blues" ya Armstrong, iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928. Bluzi ina vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, jumla 48. Mwendo wake ni mapigo kama 85 kwa dakika, kwa hiyo raundi moja inachukua sekunde 34 hivi. Zinaingia raundi tano. Ya sita haina pa kukaa. Armstrong anafungua na tarumbeta peke yake, hakuna anayemsindikiza, kwa robo dakika hivi. Kisha raundi ya tarumbeta, raundi ya tromboni, raundi ya klarineti ikijibizana na sauti ya Armstrong isiyo na maneno, raundi ya piano ya Earl Hines. Ya tano ndiyo uirudie mara nyingi. Mwingine aliyebakiwa na nusu dakika angezimimina noti zote alizonazo. Yeye anapanda kwenye noti moja ya juu na kuishikilia vipimo vinne, zaidi ya sekunde kumi, theluthi nzima ya nafasi yake ya mwisho. Halafu ndipo anamwaga. Wapiga tarumbeta wa Marekani, na waimbaji pia, wamesoma hapo namna ya kupanga solo.

Kwa Coleman Hawkins, mpiga saksofoni, hesabu ilikuwa kali zaidi. "Body and Soul" ina vipimo 32 na inakwenda polepole, kwa hiyo siku ile ya tarehe 11 Oktoba 1939 zilitosha raundi mbili tu. Desturi ilikuwa kupiga melodia kwanza, na hapo nusu ya santuri ingekuwa imekwenda. Hawkins akaigusa melodia mwanzoni tu, akaiacha, akabuni mpaka mwisho. Na watu wakainunua kwa wingi, ingawa wimbo waliouzoea haumo ndani yake.

Billie Holiday alikuwa na tatizo la kinyume mwaka huo huo. "Strange Fruit" unahusu watu weusi waliouawa na kutundikwa mitini Kusini mwa Marekani. Columbia, kampuni aliyokuwa akirekodi nayo, haikutaka kuugusa. Kampuni ndogo ya Commodore ikaubeba. Ila beti ni tatu, tena fupi. Milt Gabler, mwenye Commodore, akamtaka mpiga piano Sonny White aongeze utangulizi. Tazama saa: Billie hafungui kinywa mpaka dakika moja ipite. Subira ile inayokutia baridi ilianza kama njia ya kujaza santuri, na mimi sioni kama hilo linaipunguzia chochote.

Ukiona kuna shimo la rekodi kati ya bendi kubwa za swingi, ile jazi ya kuchezea dansi, na Parker, hujakosea. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi kikidai malipo, na kampuni mbili kubwa zikakaza shingo hadi Novemba 1944. Mtindo mpya wa Parker na wenzake ulikulia kwenye klabu za Harlem, mtaa wa New York, karibu bila santuri. Parker alipoingia studio tarehe 26 Novemba 1945 kurekodi "Ko-Ko", alitumia kodi (za gitaa, si za TRA), yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, za "Cherokee", wimbo wa vipimo 64. Kwa mwendo wa mapigo kama 300 kwa dakika, raundi moja inakula sekunde 51. Jaribio la kwanza wakaanza kupiga melodia yenyewe, wakakatizwa. Sababu mbili: ingemnyang'anya Parker karibu dakika nzima, na mwenye wimbo angedai chake. Mfuatano wa kodi peke yake haukuwa na mdai. Melodia ikatupwa, Parker akapata raundi mbili kamili.

Ukuta ulivunjwa Juni 1948. Columbia ilitoa LP, yaani santuri ya muda mrefu: inchi 12, mara 33 na theluthi kwa dakika, plastiki laini, sindano nyembamba, mistari zaidi ya 200 kwa inchi. Upande mmoja ukabeba dakika 20 na ushee. Aliyeingoja kwa hamu nadhani ni mtunzi na kiongozi wa bendi Duke Ellington, ambaye mwaka 1935 alilazimika kukikata kipande kimoja, "Reminiscing in Tempo", katika pande nne za santuri. Desemba 1950 aliurekodi upya "Mood Indigo" kwa dakika 15. Ule wa 1930 ulikuwa wa tatu. Wengine, niseme kweli, walipewa nafasi wakaijaza maneno mengi. LP kadhaa za miaka ya 50 zina solo ambazo zingenufaika na ukuta wa zamani.

"So What" ni tunda la nafasi hiyo: vipimo 16 kwenye D, vinane nusu toni juu, vinane kurudi D. Ni ngazi mbili tu za sauti, na dakika tisa za kuzikagua. Ilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959, na mashine kuu ya utepe siku hiyo ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo wake sahihi, sauti inapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza wa LP hiyo, "Kind of Blue", zikauzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Matoleo ya kuanzia 1997 yametumia utepe wa akiba, uliotoka mashine nyingine iliyokuwa sawa.

Kwa hiyo kabla hujagusa nyuzi tena, weka "All Blues" ya upande wa pili. Hiyo ni ya tarehe 22 Aprili, mashine ilikuwa imetengemaa. Gitaa likiafikiana nayo na kukataa "So What", basi una nakala ya zamani. Tafuta toleo jipya. Likikataa zote mbili, niandikie, tutaanza na hizo nyuzi zako.

Mama yako